Uso wa mama unageuka jivu: mwanga laini kwa rangi za mafuta

"Mwalimu shikamoo. Nina miaka 26, nipo Tandika, nimekulia kwenye michoro ya Tingatinga, rangi za kopo, na wateja wanazipenda. Mwaka huu nataka nimchore mama yangu kwa rangi za mafuta, amekaa pembeni ya dirisha, uso nusu mwanga nusu kivuli, ila kivuli kiwe laini, kiyeyuke tu. Nimejaribu mara 4. Nikilainisha kwa brashi uso unakuwa tope, ukikauka ndo kabisa, kama umepakwa jivu. Nimesoma dirisha lazima liwe la kaskazini, langu ni la kaskazini lakini miezi hii jua linaingia mpaka mama analalamika. Kuna wanaoniambia nichanganye na mafuta ya kupikia rangi ichelewe kukauka, wengine wananiambia ninunue brashi ya feni, ile yenye nywele zilizotanuka. Nakosea wapi? Au rangi za mafuta sio za kwangu?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho maana naona ndo limekukaa moyoni: rangi za mafuta ni za kwako. Mtu aliyejaribu uso huohuo mara 4 na bado anauliza kakosea wapi, huyo tayari ni mchoraji, kilichobaki ni kuelewa kitu kinachotokea pale kwenye kanvasi. Na nikisoma maelezo yako naona una matatizo matatu tofauti ambayo umeyaweka kwenye gunia moja. Kuna mwanga wenyewe anaokaa mama, kuna tope la wakati unachora, na kuna jivu la baada ya kukauka. Hayo mawili ya mwisho yanafanana kwa macho ila chanzo chake ni tofauti kabisa.

Kabla ya yote, brashi ya feni usinunue. Sio mbaya, ila haitakusaidia sasa hivi. Wengi tunaamini ulaini wa picha unatoka kwenye kusugua, kwamba ukipitisha brashi kavu mara 50 kati ya mwanga na kivuli basi uso utalainika. Ulaini unaanza kwenye mwanga uliomuangukia mtu, halafu unakuja kwenye rangi ya katikati uliyoichanganya kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi. Brashi inamalizia tu. Kama mwanga wa chumbani ni mkali na rangi ya katikati haipo, hata usugue mpaka usiku utapata ukungu.

Sasa dirisha. Hiyo habari ya dirisha la kaskazini ni ya kweli, ila ni ya kwao. Ulaya jua la mchana linapita upande wa kusini mwaka mzima, kwahiyo dirisha la kaskazini halipigwi na jua hilo, linapokea mwanga wa anga tu, mwanga uliotulia. Wachoraji wa kule wakalijengea studio zao, na ushauri ukaandikwa ukasambaa dunia nzima bila kuambiwa ni wa wapi. Sisi Dar tupo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwahiyo jua linatuzunguka pande zote mbili. Kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa tatu mpaka kama tarehe 10 ya mwezi wa kumi, jua la saa sita mchana liko kaskazini yetu, na mwezi wa sita na wa saba ndo limeenda mbali zaidi, ndo maana linakuingilia dirishani asubuhi kwa upande. Kuanzia hapo mwezi wa kumi linahamia kusini mpaka mwezi wa tatu tena.

Mi wanafunzi wangu nawapa njia ya watu wa pwani, haina haja ya dira wala programu ya simu. Upepo wa kusi ukivuma, tafuta dirisha la kusini. Ikija kaskazi, hamia dirisha la kaskazini. Sio maajabu, pepo zetu hizi zinafuata jua, zinavuma kutoka ule upande ambao jua limeuacha, na huohuo ndo wenye mwanga laini. Haiendi kwa tarehe kamili, kuna wiki za katikati zinakuchanganya, ila kwa mwaka mzima inakupeleka vizuri tu. Kwa hiyo miezi hii wewe na mama hamieni chumba chenye dirisha la kusini, na kama hakuna, kaeni barazani au mlangoni upande wenye kivuli, baraza yenye bati pana inatoa mwanga mzuri kuliko studio nyingi. Kama huna jinsi na lazima lile lile la kaskazini, tundika shuka jeupe dirishani, jua likipiga shuka basi shuka lenyewe linageuka kuwa taa kubwa. Liwe jeupe kweli, pazia la pinki litakupaka mama pinki.

Kwanini dirisha linalainisha? Kwa sababu ni kubwa. Jua la moja kwa moja linatoka sehemu moja ndogo kule angani, pua ikilikinga limekingwa, kivuli kinakatika kama umekata na wembe. Dirisha au shuka ni eneo pana, kila kipande chake kinatoa mwanga kutoka pembe yake, pua ikikinga kipande cha kushoto bado cha kulia kinafika, ukisogea kidogo kinapungua kingine, mpaka mwisho vyote vimekingwa, na hapo ndo unaona kivuli kimeingia taratibu bila kugonga. Kinachohesabika ni ukubwa wa dirisha ukilinganisha na umbali. Dirisha la mita 1, mama akae kama mita 1 kutoka hapo. Ukimrudisha nyuma mita 3 dirisha linakuwa dogo machoni pake, vivuli vinaanza kukaza na mwanga unapungua sana. Jaribu kwa mkono wako tu, uone kivuli cha kidole ukutani karibu na dirisha halafu ndani kabisa ya chumba.

Zima na ile tyubu ya juu. Mianga miwili inagombana usoni, mmoja bluu wa anga, mwingine wa taa, na wewe unayejifunza hutaweza kuwaamulia. Halafu angalia ukuta ulio upande wa kivuli, maana nyumba zetu nyingi zimepakwa kijani cha maji au bluu, na ukuta huo unarudisha rangi yake kwenye shavu la mama lisilo na mwanga. Utachora ulichoona, watu watakuuliza mbona anaumwa. Weka kitambaa cha kahawia au mkeka upande huo.

Tuje kwenye tope. Umetoka kwenye Tingatinga na hiyo ni shule kubwa, Edward Saidi Tingatinga alianza hapahapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alifariki 1972, na mpaka leo mkono wake unalisha watu. Ila rangi ya kopo ina tabia yake. Inakauka haraka, inang'aa, unaweka eneo lote rangi moja, kinakauka, unaweka nyingine juu yake, mwisho unazungushia mstari. Mkono wako umezoea vitu viwili vinavyokutana mpakani. Ukija kwenye uso unaweka rangi ya mwanga hapa, rangi ya kivuli pale, halafu kwa sababu unataka ulaini unavuta brashi katikati vichanganyike. Na hapo ndo tope linazaliwa.

Angalia kilichochanganyika. Rangi yako ya mwanga ina nyeupe nyingi ndani yake. Rangi ya kivuli ina kahawia nzito, na nahisi kuna nyeusi pia. Nyeupe ikiingia kwenye rangi nzito haiiangazi tu, inaipoozesha, inaiweka kijivujivu chenye ubaridi, mwambie mtu yeyote achanganye nyeupe na kahawia iliyokolea ataona. Wakati kwenye ngozi ya mtu halisi ile sehemu ya katikati, pale mwanga unapoanza kuzama, ndo mara nyingi penye joto na rangi iliyokolea kuliko sehemu zote za uso. Yaani wewe unaweka kijivu palepale ambapo mama ana wekundu wake wote. Kwahiyo usiitengeneze katikati kwa kusugua. Ichanganye peke yake kwenye paleti, kama rangi inayojitegemea, bila nyeupe au na nyeupe ya kugusia tu, iweke mahali pake kama kipande, halafu ndo uguse mipaka yake miwili kwa brashi safi, mara moja au mbili, ukifuta brashi kwenye kitambaa kila mguso.

Ngozi zetu zinahitaji maelezo kidogo maana masomo mengi ya mtandaoni yanachora ngozi nyeupe. Mwanga ukifika kwenye ngozi unagawanyika. Sehemu inadunda palepale juu, hiyo ndo mng'ao, na inabaki na rangi ya mwanga uliokuja. Sehemu nyingine inaingia ndani, inazungukazunguka, inatoka imebeba rangi ya mwili. Ngozi nyeusi inameza kingi cha kile kilichoingia ndani, kwahiyo mng'ao wa juu unabeba kazi kubwa zaidi ya kuonyesha umbo, paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua. Na mng'ao wa dirisha lenye anga ni wa baridi, unaelekea bluu. Mtu anayejifunza kwa ngozi nyeupe anapandisha mwanga kwa kuongeza nyeupe kila mahali, uso wa mama yako ukiufanyia hivyo unapauka wote, unakuwa kama mtu aliyetoka kukoga hajapaka mafuta. Acha uso ubaki na uzito wake, halafu mng'ao uweke sehemu chache, nyeupe yenye ultramarini, ile bluu iliyokolea, kidogo sana na banti siena, kahawia yenye wekundu, ya kuituliza, na kingo zake ziwe laini maana dirisha ni pana.

Rangi za kununua ni chache: titaniamu nyeupe, yelo oka ile njano ya udongo, banti siena yenye wekundu, banti amba ile kahawia nzito, ultramarini, na nyekundu moja iliyokolea, alizarini inatosha. Nyeusi iache dukani kwa sasa. Banti amba na ultramarini ukizichanganya zinakupa giza zuri kuliko nyeusi, ukitaka lenye joto unaongeza amba, ukitaka la baridi unaongeza bluu. Mpito wa shavu la mama anzia banti siena na alizarini kidogo na amba, uone. Na mchoraji mmoja wa Sweden, Anders Zorn, anajulikana kwa nyuso alizochora kwa rangi 4 tu, nyeupe, nyeusi, njano ya udongo na nyekundu, kwahiyo usione uchache ukadhani ni umaskini.

Sasa jivu la baada ya kukauka. Hapa nauliza: kanvasi yako uliitengeneza mwenyewe? Nahisi ni kitambaa cha marekani umekipaka rangi ya ukutani ya maji, wengi tunafanya hivyo na kwa rangi za kopo inavumilika. Kwa rangi za mafuta, emalsheni hiyo inanyonya. Mafuta yanazama chini, juu inabaki unga wa rangi bila mafuta ya kuushika vizuri, na unga usio na mafuta unatawanya mwanga, kwahiyo giza lote linapauka na kuwa fifi, hasa kwenye amba. Rangi haijabadilika, imekauka midomo tu. Pima hivi: picha ikiwa imekauka kabisa, chukua tone la mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani yanayotumika kwenye rangi hizi, kwenye kitambaa safi, paka nyembamba mno juu ya kipande cha kivuli, futa yanayobaki. Giza likirudi, jibu umepata, na unaweza kufanya hivyo sehemu zote zilizozama kabla ya kuweka tabaka jipya. Lisiporudi basi ni nyeupe yako, rudi aya za juu. Kanvasi inayofuata paka geso, ile rangi nyeupe ya msingi ya kuandalia kanvasi, inayofaa kwa mafuta, tabaka mbili tatu na msasa mwepesi katikati. Na usichore kamwe kwa mafuta juu ya kitambaa kitupu, mafuta ya linsidi yanakula nyuzi, kitambaa kinakuwa kama biskuti miaka ikienda.

Mafuta ya kupikia hapana, mdogo wangu, hapana kabisa. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Hakuna maji yanayotoka, mafuta ya linsidi yanavuta oksijeni ya hewani na kujifunga yenyewe mpaka yanakuwa ngozi ngumu. Mafuta ya mawese au ya nazi hayana uwezo huo, ya alizeti yanajaribu ila ya jikoni hayafiki mbali, utabaki na uso unaonata unaokamata vumbi lote la Tandika. Vaselini ndo haikauki milele. Na mafuta ya taa badala ya tapentaini yanaacha ukakasi na harufu ndani ya picha. Rangi ya mafuta kwa asili inachelewa vya kutosha, tabaka nyembamba linachukua siku kadhaa mpaka zaidi ya wiki, amba inakauka mapema, alizarini na nyeusi ya mifupa zinachelewa, na wakati wa masika hewa ikiwa nzito vumilia zaidi. Tabaka la kwanza punguza kwa tapentaini kidogo, yanayofuata yawe na mafuta zaidi ya lililo chini yake, ukigeuza mpangilio tabaka la juu litakauka kabla ya la chini na litapasuka.

Kuna njia mbili za kumaliza uso na watu wanabishana. Moja ni kumaliza mbichi kwa mbichi, siku moja, rangi ikiwa bado laini. Inatoa uhai mwingi, lakini inadai mkono usiosita, ukikosea toni moja, yaani kiwango cha mwanga au giza, unaichafua ya jirani. Nyingine ni tabaka kwa tabaka, na ndo ninayokushauri wewe, kwa sababu umezoea kusubiri tabaka likauke. Siku ya kwanza mchore mama kwa amba peke yake, giza na mwanga tu bila rangi yoyote, toni 5: mwanga, nusu mwanga, mpito, kivuli, na giza la ndani ya pua na chini ya kidevu. Acha ikauke. Kisha rangi, nyembamba. Leonardo alipata moshi ule wa kwenye uso wa Mona Lisa kwa tabaka nyembamba nyembamba zilizopangana, hakusugua. Akriliki nayo ipo na ni rahisi kuisafisha, ila kwenye joto letu inakukaukia mkononi kabla hujagusa mpaka, na ikikauka inakolea giza kuliko ulivyoiona, kwa kazi hii ya mwanga laini itakutesa.

Ila kabla ya uso wa mama wiki nzima chora yai. Yai la kienyeji, mezani, pembeni ya dirisha lilelile, kwa toni zilezile 5. Finya macho mpaka uone maumbo tu, tafuta ule mkanda wa mpito uone ulivyo mpana, kwenye yai huwezi kujidanganya kwa macho mazuri au tabasamu. Halafu usilainishe kila kitu. Kwenye uso hata mwanga ukiwa laini kuna sehemu zinakaza, kivuli cha pua kinapoangukia karibu na mdomo, mkunjo wa kope, na zingine zinayeyuka kabisa, duara la shavu, nywele zinapoingia kwenye giza la ukuta. Ukilainisha zote picha inakuwa kama imepigwa na kamera yenye mvuke. Na ule mstari wa mwisho wa Tingatinga, najua mkono utauwasha, usiuweke.

Picha ya simu itumie kama kumbukumbu ya mkunjo wa khanga na mkao wa mikono. Simu inapandisha vivuli yenyewe, nyingine zinamng'arisha mtu bila kuulizwa, kwahiyo toni zote unazozitafuta zimeshaharibiwa. Toni zichukue kwa mama mwenyewe, dakika 20 akae, 10 apumzike, saa zilezile kila siku.

Matambara yenye mafuta ya linsidi usiyarundike kwenye kona au mfuko. Yale mafuta yakivuta oksijeni yanatoa joto, rundo linalitunza, na linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Yaloweke kwenye kopo la maji lenye mfuniko au yatandaze nje yakauke yakiwa yamekunjuliwa. Dirisha liwe wazi ukitumia tapentaini, usiitumie kunawia mikono, na usilale chumba kilekile chenye picha mbichi kama una namna nyingine. Ukipata kizunguzungu, kichwa kinachorudi kila ukichora, kifua kubana au upele wa mikono, simamisha kazi uende hospitali na umwambie daktari unachoshika.

Kuna kitu siwezi kukufanyia kwa maandishi. Toni haziangaliwi vizuri kwa picha, na ukishajaribu geso, toni 5 na mpito wa kuchanganya peke yake na bado uso unakwama, tafuta mtu asimame na wewe mbele ya kanvasi na mama akiwa amekaa palepale. Nafasi Art Space pale Mikocheni kuna wachoraji wenye studio, nenda na kanvasi zako zote 4, hasa zile mbaya. Pale Mlimani, chuo kikuu, kuna idara ya sanaa bunifu, ulizia walimu wa uchoraji. Nusu saa ya mtu anayekuonyesha kwa kidole "hapa pamepanda, hapa pashushe" inazidi miezi ya video. Na kama watu wawili tofauti wanakwambia umeweka kijani wakati wewe unaona kahawia, kapime macho, kuna wanaume wengi wanaochanganya nyekundu na kijani bila kujua, na wanachora vizuri tu wakishajua waziandike majina kwenye tyubu na kuzipanga mahali palepale kila siku.

Siku ya kwanza mama akishakaa vizuri, chukua chaki, weka alama sakafuni pale miguu minne ya kiti ilipo na pale unaposimama wewe, halafu andika saa ukutani. Kesho yake mkae hapohapo.